Sikulia, yalikuwa maji ya ziwa

Jamani ngojeni kwanza, maana naona grupu la Mwanga limechafuka tangu jana usiku, mshkaji wangu (anajijua) kawaambia eti nililia. Sikulia bwana.

Kuna mgeni anazunguka dunia kurekodi ndege walio hatarini, video zinaonyeshwa kwa watu wapate kuchangia ulinzi wao, sasa kafika Kigoma anamtaka korongo nyangumi, lile likorongo la kijivu lenye mdomo kama kiatu. Mimi mtoto wa mjini ninayemjua kuku tu nikajifanya mwenyeji. Treni mpaka Nguruka, boda mpaka Ziwa Sagara, na huko ni ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingia Ramsar, ile orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000 (nilikariri usiku kwenye simu, lazima niitumie).

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu, mtumbwini, nikamuona. Kwenye mafunjo, kijivu, urefu kama mtoto wa darasa la pili, limdomo hiloo. Nikanong'ona, rekodi! Dakika kumi hatingishiki. Ishirini. Mgeni kaanza kuniangalia, nikamwambia ndivyo walivyo hawa, anasimama tuli anamvizia samaki kamongo aje juu kuvuta hewa. Na ni kweli, kasomeni! Elimu ninayo, macho ndiyo sina.

Dakika ya arobaini anatokea mzee kwenye mafunjo, kifua wazi, ametoka kuoga, anamfuata ndege wetu taratiiibu. Nikajua jangili. Nikasimama mtumbwini, "Mzee muache! Huyo analindwa na sheria!"

Mzee akasimama. Akaniangalia. Akamwangalia ndege. Akaniangalia tena. Halafu, jamani, akanyoosha mkono akamng'oa kichwa. Kichwa chote! Nikapiga ukelele ambao hata mimi sikujua ninao. Mzee hana habari, akakigeuza kile kichwa, akakikung'uta maji, akaingiza mguu ndani.

Gambuti.

Lilikuwa gambuti limechomekwa juu ya upondo, chini yake koti la mvua la kijivu linakauka. Mimi hapo bado nimenyoosha kidole cha sheria.

"Kijana, koti langu nalo linalindwa?"

Mtumbwi wa gogo hautaki mashujaa waliosimama, nikaenda na maji, nikatolewa kwa kuvutwa kola, kamera ilipona, mgeni alicheka mpaka akakaa chini, korongo mwenyewe hatukumuona, tukarudi.

Ila mzee alipoambiwa koti lake limerekodiwa dakika arobaini akasema basi alipwe. Akapewa elfu kumi palepale. Mimi ya kwangu bado sijaiona, na mama mdogo kashanipigia kuuliza kama ni kweli nilimlilia gambuti.