Mluzi wa Kifuani Unapima Nini?

Mwenye pumu akishikwa, kila akitoa pumzi kifua humlia kama filimbi. Wapo wanaoamini kwamba ukiusikiliza vizuri mluzi huo utajua mirija ya hewa imebana kiasi gani. Wengine wanasema unakuonya tu kwamba imebana, basi.

Wa kwanza hawaoti. Pumzi ya kawaida ni mvumo usio na noti, yaani sauti moja unayoweza kuiimba. Mluzi una noti: kompyuta ikiuchora, huonekana kama mstari mmoja au kadhaa, mara nyingi kati ya hezi 100 na 1000 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde), na mstari hupimika. Tena, kadiri mluzi unavyochukua sehemu kubwa ya pumzi, ndivyo kwa kawaida hewa inavyopita kwa shida zaidi.

Hoja yao inapoyumba ni kwenye wembamba wa sauti. Wengi hudhani mluzi mwembamba hutoka kwenye mrija mdogo na mzito kwenye mrija mkubwa, kama vile pafu ni filimbi. Piga hesabu: bomba lililozibwa upande mmoja linahitaji urefu wa zaidi ya sentimita 80 ili litoe hezi 100. Kifua gani kina mrija wa namna hiyo? Kinacholia ni kuta zenyewe. Hewa ikifika penye wembamba huongeza kasi, shinikizo linashuka, kuta zinavutwa ndani hadi karibu kugusana, kisha zinarudi. Mara mamia kwa sekunde. Kwa hiyo noti hutegemea ugumu na unene wa kuta pamoja na kasi ya hewa. Isitoshe, nyama ya pafu humeza sauti nyembamba, ndiyo maana mluzi uleule husikika tofauti shingoni na mgongoni. (Tangu daktari Mfaransa Laennec abuni stethoskopu, kifaa cha kusikilizia kifua, mwaka 1816, sikio limekuwa likidanganywa hivyo.)

Hata mtu mzima wa afya akipuliza pumzi yake yote kwa nguvu anaweza kupiga mluzi. Na mwenye pumu kali kupindukia anaweza asitoe sauti yoyote, maana hewa inayopita haitoshi kutikisa kuta.

Mimi ningeamini muda wa mluzi kuliko noti yake, na nisingeamini chochote kati ya hivyo bila kumtazama mgonjwa anavyohema. Kifua kilichokuwa kimya kikianza kulia baada ya dawa, huenda ni hewa imeanza kupita.