Kloridi na saratani: chaneli izibwe au iachwe?

Kila seli ina chaneli (vijilango kwenye utando wake) na visafirishaji vya kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Kloridi ikihama, maji huifuata, na seli husinyaa au huvimba. Seli za glioma, saratani ya ubongo, hujisinyaza hivyo ili zipenye kwenye nafasi finyu. Hapo ndipo lilipozuka wazo la kuziziba chaneli.

Wazo hilo lina uzito. Jeni ya chaneli iitwayo TMEM16A, iliyotambuliwa mwaka 2008, iko kwenye eneo la kromosomu ya 11 ambalo mara nyingi hurudufika, yaani nakala zake huongezeka, katika saratani za kichwa na shingo, na hata za umio, ugonjwa unaoiandama Afrika Mashariki. Tena kisafirishaji kimoja cha kloridi, NKCC1, huzuiwa na bumetanidi, dawa ya zamani ya kukojosha maji ya ziada. Mgonjwa aliyetoka mkoani kuja Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, nauli na malazi vikiwa juu yake, anapoambiwa dawa ya zamani huenda ikafaa, si rahisi kumbeza anayeipigia debe.

Lakini chaneli hizi hazina upande mmoja. Waliozaliwa na hitilafu ya CFTR, chaneli nyingine ya kloridi, yaani wenye ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi, hupata saratani ya utumbo mpana zaidi kuliko watu wengine. Kwao, kukosa chaneli ndiko kunakoleta balaa. Linalonitia wasiwasi zaidi ni protini iitwayo LRRC8A. Mwaka 2014 ilitambuliwa kuwa sehemu ya chaneli inayodhibiti ujazo wa seli, na mwaka uliofuata ikaonekana kwamba sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, huingia ndani ya seli kwa kupitia chaneli hiyohiyo. Ikikosekana, seli huihimili dawa. Na sisplatini ndiyo inayoambatanishwa na mionzi kutibu saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Vizuizi vingi vya kloridi havichagui. Kimoja hugusa chaneli kadhaa, hivyo chaweza kuziba hata njia ya sisplatini. (Hata sumu ya nge, klorotoksini, iliyopewa jina kwa kudhaniwa kizuizi cha kloridi, baadaye ilikutwa ikijishika kwenye protini nyingine.)

Kwa hiyo, fedha ya utafiti ikipatikana Dar es Salaam, ningeielekeza maabara ya patholojia kabla ya vidonge: kupima kiasi cha LRRC8A kwenye uvimbe, kisha kufuatilia nani sisplatini ilimsaidia na nani ilimpita. Kipande cha biopsi kilichokwisha kuchukuliwa kwa uchunguzi kinatosha, mgonjwa hakatwi tena.