Kulainisha mwendo wa picha: Tom Cruise ana hoja, muuzaji wa Kariakoo hana

Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi ya kuwasihi watu wazime mpangilio mmoja kwenye runinga zao kabla ya kutazama filamu: ule unaolainisha mwendo wa picha. Agosti 2019 UHD Alliance, umoja wa studio na watengenezaji wa runinga, ukatangaza Filmmaker Mode, chaguo la menyu linalozima ulainishaji huo kwa mkupuo. Waongozaji Martin Scorsese na Christopher Nolan waliliunga mkono. Lakini nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta flati, useme wewe ni mtu wa mpira. Kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa kinyume: uuwashe, tena hadi mwisho.

Mimi naona wakubwa wa Hollywood wako sahihi kuhusu filamu kwa kiasi fulani, na muuzaji amekosea kuhusu mpira kwa kiasi kikubwa zaidi.

Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24, yaani picha 24 zilizotulia, kwa sekunde, kawaida iliyokaa tangu sauti ilipoingia sinema mwishoni mwa miaka ya 1920. Ulainishaji hufanya hivi: runinga huchukua fremu mbili zinazofuatana, hukisia kilichotokea katikati, kisha huchora fremu za bandia kujaza pengo. LG huuita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung waliuita Auto Motion Plus. Kila kampuni na jina lake, kazi ni ileile. Matokeo yake filamu iliyogharimu mamilioni ya dola inaanza kufanana na taarifa ya habari.

Kwa nini hilo liudhi? Kwa sababu macho yetu yamezoeshwa. Runinga za Afrika Mashariki zilifuata mfumo wa 50 Hz (Hz ni mara ngapi kwa sekunde), sawa na umeme wetu, na kamera za video za studio zilirekodi mwendo mara 50 kwa sekunde. Vichekesho vya KBC na maigizo ya ITV ya Dar es Salaam vilikuwa na mwendo huo laini, sinema haikuwa nao. Tukajifunza bila kufundishwa kwamba mwendo laini ni igizo la jioni na wa kukatikakatika kidogo ni filamu. Mwaka 2012 mwongozaji Peter Jackson alipoonyesha filamu ya The Hobbit kwa fremu 48 halisi kwa sekunde, zisizo za kubuniwa na mashine yoyote, watazamaji wengi walilalamika vilevile. Kwa hiyo sehemu ya kilio hiki ni mazoea tu. Kijana aliyekulia kwenye video laini za simu ana haki ya kuuliza kuna ubaya gani.

Watetezi wa ulainishaji wana hoja nyingine ambayo waongozaji huiruka. Fremu 24 zilibuniwa kwa ajili ya ukumbi wenye giza na mwanga wa projekta. Sebuleni kuna kioo king'avu, na cha OLED, ambacho kila nukta hujiwakia yenyewe, hubadili picha papo hapo, kwa hiyo kamera ikipita taratibu juu ya mji, majengo yanaonekana kurukaruka. Wapo wanaoumwa macho na hali hiyo. Kwao kipimo cha ulainishaji cha 2 au 3 kati ya 10 kinaondoa mruko bila kugeuza filamu kuwa igizo. Sioni dhambi hapo, hata kama Nolan angenuna.

Sasa mpira. Tuseme kamera inamfuata winga na uwanja unapita upana wa kioo kwa sekunde moja. Kioo cha Full HD kina pikseli, yaani nukta za picha, 1,920 kwa upana. Kwa picha 50 kwa sekunde, kila picha mpya inasogea pikseli 38 hivi kutoka ile iliyotangulia. Kioo bapa hushikilia kila picha mpaka nyingine ije, huku jicho lako likiendelea kuteleza na mchezaji. Ndipo unapoona mchirizi. TV za chogo hazikuwa na tabu hii: picha iliwaka kidogo na kufifia. OLED nayo haiikwepi, kwa kuwa kasi ya pikseli si sawa na muda picha inaokaa kiooni.

Dawa ni picha nyingi zaidi, na hapa ndipo ushauri wa dukani unapoanguka. Flati nyingi za inchi 43 kushuka chini zina kioo cha 60 Hz. Mechi inayofika na picha 50 haiachi nafasi ya kuongeza kitu humo; pandisha kipimo upendavyo, kioo hakina pa kuweka fremu za ziada. Ulainishaji utafanya kazi ikiwa chaneli inaleta picha 25 tu, au ikiwa kioo ni cha 120 Hz, ambacho kitafikisha 100. Hata hapo mashine inakisia, na mpira ni kitu kidogo chenye kasi: mara una kivuli, mara umegawanyika, mara umepotea mbele ya nyavu. Chaneli yenye picha hafifu huzidisha makosa hayo. Kwenye mechi ya Simba na Yanga sitaki runinga inikisie mpira uko wapi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni kioo kina Hz ngapi halisi, na asikusomee namba ya kwenye boksi. Samsung wameandika Motion Rate 120 kwenye runinga zenye kioo cha 60 Hz. LG nao walifanya hivyo na TruMotion 120. Namba hizo huchanganya kioo na ujanja wa programu.

Kabla ya kulaumu runinga, kagua kinachoilisha. Visanduku vingi vya Android hutoa 60 Hz muda wote. Ukipitishia humo mechi ya picha 50, baadhi ya picha hurudiwa na mwendo unakwamakwama. Badili kiwe 50 Hz kwenye mipangilio ya kisanduku. Wanaocheza gemu wazime ulainishaji kabisa, maana runinga lazima isubiri fremu ijayo kabla ya kuchora ya katikati, na kitufe ulichobonyeza kinachelewa.

Ukienda dukani beba flashi yenye kipande cha mechi. Mwambie muuzaji atoe runinga kwenye mpangilio wa maonyesho, azime ulainishaji, ndipo achezeshe kipande hicho. Video ya maua yanayochanua taratibu haijawahi kuonyesha udhaifu wa kioo chochote.