Rangi za Chachu na Urahisi wa Makapi

Katika Kiswahili neno "rahisi" lina maana mbili: kitu cha bei ndogo, na kitu kisicho na ugumu. Wanaotetea wazo la kulisha chachu makapi ya mashambani ili itoe rangi za asili huzichanganya maana hizo bila kujua. Makapi ni rahisi kwa maana ya kwanza tu.

Wazo lenyewe si la kubezwa. Zipo chachu, jamaa wa mbali wa hamira, ambazo zina rangi kwa maumbile yake. Rhodotorula huwa za waridi au chungwa kwa sababu hutengeneza rangi za beta-karotini (ileile ya karoti), torulini na torularodini. Phaffia rhodozyma, iliyopatikana kwenye utomvu wa miti huko Japani na Alaska, hutengeneza astaksantini, rangi ileile inayoifanya nyama ya samoni iwe nyekundu. Hazihitaji shamba wala kungoja msimu. Siku chache ndani ya tangi zinatosha. Tena sukari ikiwa nyingi na naitrojeni ikiwa haba, Rhodotorula hupunguza kuzaana na kuanza kurundika mafuta na rangi. Molasi, uji mzito unaobaki baada ya kutengeneza sukari, ina sukari tele na naitrojeni kidogo, utadhani iliumbwa kwa kazi hii. Gliseroli ghafi, kimiminika kinachobaki viwandani baada ya kutengeneza dizeli ya mimea nayo huliwa vizuri.

Ukitoka kwenye molasi, mambo hubadilika. Sukari ya mabua na makapi ya miwa imefungwa ndani ya selulosi, yaani nyuzi ngumu za mmea. Kuifungua kwa asidi na joto huzaa furfurali na asidi asetiki, na hizo huidumaza chachu uliyokusudia kuilisha. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini yana laktosi, sukari ya maziwa, ambayo Rhodotorula nyingi haziwezi kuila mpaka ivunjwe kwanza kwa kimeng'enya au kwa msaada wa bakteria. Isitoshe, taka za shambani ni nzito kwa maji, huoza upesi, na mzigo wa leo haufanani na wa wiki ijayo. Tangi halipendi mabadiliko ya namna hiyo.

Lakini hata chakula cha chachu kikiwa cha bure, gharama kubwa ingali mbele. Phaffia ya asili hubeba takriban mikrogramu 200 hadi 400 za astaksantini kwa kila gramu ya chachu kavu. Tuchukue 300, yaani asilimia 0.03: kilo moja ya rangi inadai zaidi ya tani tatu za chachu kavu. Aina zilizoboreshwa huzidisha kiwango hicho mara kadhaa, ila mwani wa Haematococcus unaweza kufikia asilimia nne ya uzito wake mkavu. Halafu rangi imo ndani ya seli yenye ukuta mgumu. Sharti ukuta upasuliwe, rangi itolewe kwa kiyeyusho, kisha ikingwe dhidi ya mwanga, joto na hewa. Sioni jinsi molasi ya bei ndogo inavyopunguza hata moja ya gharama hizo.

Kuhusu sifa nyingine ambayo rangi hizi hupewa, ya kuwa antioksidanti (kinga dhidi ya chembe huru zinazodhuru seli), ningekwenda taratibu zaidi. Rangi hizi huzima chembe huru kwenye mirija ya maabara, sawa. Mwili wa binadamu ni habari nyingine: jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994, lenye wanaume wavutaji sigara 29,133, lilikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 miongoni mwa waliopewa vidonge vya beta-karotini. Hilo halifanyi karoti kuwa sumu, lakini anayeuza rangi kwa jina la afya ajue ana deni la ushahidi.

Ningeiuza kama rangi tu, kwani soko la rangi lipo: Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha rangi ya viwandani iitwayo nyekundu namba 3 kwenye vyakula. Na nisingeanza na rangi iliyosafishwa. Ningeanza na chachu nzima, rangi ikiwa bado ndani yake, kama chakula cha samoni wa kufugwa, matumizi ambayo Marekani iliyaruhusu kwa Phaffia mwaka 2000. Hapo kiyeyusho hakihitajiki, na protini ya chachu haipotei. Kupasua seli ndiko hakukwepeki, la sivyo samoni ataimeza chachu na nyama yake itabaki imepauka vilevile.