Tanda, upatu na pesa za wafadhili

Mama yangu alicheza upatu miaka yote ya utoto wangu. Kijumbe wao alikuwa jirani muuza vitumbua, na kila Jumamosi jioni alipita nyumba hadi nyumba na daftari lake lililoshika mafuta pembeni, akiweka alama ya vyema mbele ya kila jina. Zamu moja ya mama tuliezeka bati banda la uani. Zamu nyingine ikanilipia ada ya kidato cha kwanza. Hakukosa kulipa hata wiki moja, na hakuna benki iliyowahi kulijua hilo.

Ndiyo maana habari za Mission Asset Fund zilinigusa. Ni shirika lisilo la faida la San Francisco, jimbo la California nchini Marekani, katika mtaa wa Mission ambako Wamexico, Wasalvador na Waguatemala wamejenga maisha kwa miongo mingi. Lilianza mwaka 2007 kwa dola milioni 1 kutoka Levi Strauss, baada ya kampuni hiyo kufunga kiwanda chake cha jinzi pale Valencia Street. Aliyepewa kuliongoza, José Quiñonez, aliingia Marekani kutoka Mexico akiwa na miaka 9, yatima wa baba na mama, bila karatasi. Alianza kwa kuangalia watu wa mtaa wanafanya nini tayari na hela zao.

Wanacheza tanda. Wapo Wamexico wanaoiita cundina, Waguatemala wanasema cuchubal, Wadominika wanasema san. Watu kumi wanatoa dola 100 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anaondoka na 1,000. Msomaji wangu, mchezo huu unaujua.

Shida ni kwamba tanda haiandikwi popote. Na Marekani, mtu asiye na rekodi ya mikopo, yaani kumbukumbu ya namna anavyokopa na kulipa, anapata tabu: mwenye nyumba anaikagua, muuza gari anaikagua, hata kampuni ya umeme inaweza kukudai amana kwanza. Mwaka 2015 mamlaka ya serikali inayowalinda wateja wa huduma za fedha ilikadiria kuwa watu wazima milioni 26 hawakuwa na rekodi yoyote. Kwa Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, makadirio hayo yalikuwa karibu asilimia 15, kwa Wazungu 9. Mtu wa namna hiyo akipatwa na dharura anakimbilia dirisha la mkopo wa kusubiria mshahara. California unaandika hundi ya dola 300, unapewa 255 mkononi, na baada ya wiki mbili wanachukua 300 yote. Ukiipigia hesabu ya mwaka mzima, riba inapita asilimia 400.

Shirika likafanya jambo ambalo kijumbe wetu hakuwa na uwezo nalo. Wanakikundi wanatia saini, mchango wa kila mmoja unahesabiwa kuwa marejesho ya mkopo usio na riba, na taarifa zinapelekwa kwenye kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Mmoja akishindwa, wenzake hawaumii, shirika linaziba pengo. Pesa za wafadhili zinafanya kazi hapo. Mwaka 2014 California ikapitisha sheria ya kuitambua mikopo midogo ya aina hii inayotolewa na mashirika yasiyo ya faida.

Huu ndio msaada ninaouamini. Nimechoka na misaada inayoanza kwa semina. Mwanamke anayefagia ofisi usiku, akalipa pango, akamtumia mama yake hela huko Oaxaca, Mexico, na bado akatoa mchango wake wa tanda, bajeti anaijua kuliko mwalimu wake. Anachonyimwa ni kuaminiwa.

Kuna jambo linaloniuma hata hivyo. Ukichelewa, kuchelewa nako kunaandikwa. Kijumbe wetu uliweza kumwambia, "Dada, mtoto kalazwa, nibadilishie zamu," akabadilisha. Kompyuta haina huruma hiyo, na wafadhili wasijidanganye kwamba hakuna kilichopotea njiani. Wala tanda haipandishi mshahara wa mtu.

Lakini uaminifu uliojengwa una kazi nyingi. Mwaka 2020, serikali ya Marekani ilipogawa hadi dola 1,200 kwa mtu mzima wakati wa korona, iliwaacha wahamiaji wanaolipa kodi kwa namba maalumu ya wasio na namba ya hifadhi ya jamii. Kodi walilipa, msaada wakakosa! Mission Asset Fund ikachangisha na kuwapelekea ruzuku za dola 500. Watu walikubali kuwapa majina yao kwa sababu waliwajua. Shirika geni lingetokea wapi kuaminiwa na mtu anayeogopa kufukuzwa nchini?

Binamu yangu anaishi huko Marekani. Yeye na kina dada wenzake wa Kiswahili wanacheza mchezo kwa WhatsApp, mwaka wa sita huu, na daftari limegeuka kuwa picha za risiti. Hajawahi kuchelewa. Mwezi uliopita aliomba kupanga nyumba ya vyumba viwili karibu na shule ya wanawe. Akajibiwa kwamba hana rekodi.