Konokono Wadogo Hawajakukosea

Jumamosi usiku rafiki yangu alinipigia simu, sauti imejaa furaha. "Kaka, wale wadudu nimewamaliza." Wadudu wenyewe ni konokono wadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, waliokuwa wakijaa kwenye kioo cha tangi lake la maji ya chumvi kila taa ilipozimwa. Alikuwa amewamwagia dawa ya shaba, ile ya kutibu samaki wenye madoa meupe. Kulipokucha kamba wake wawili walikuwa wamelala ubavu, matumbawe yamejikunja, na wale konokono wakubwa aliowanunua ili wale mwani wamedondoka mchangani. Safari hii alipiga simu akilia.

Imeniuma mno, kwa sababu kosa hili tunalirudia kila siku. Tunaona kitu tusichokinunua kikitembea kwenye kioo, tunakimbilia dawa.

Shaba haichagui. Konokono wengi wana shaba hata kwenye damu yao, ndiyo inayobeba oksijeni, lakini ile iliyomo majini ikizidi kidogo tu inawaua, wao na kamba na kaa na matumbawe. Ndiyo maana samaki mgonjwa hutolewa akatibiwa kwenye tangi la pembeni. Halafu mawe na mchanga huinyonya ile shaba na kuirudisha majini polepole. Hao maelfu waliokufa nao wanaoza, amonia inapanda, na samaki uliyedhani unamlinda anaanza kuhema juu juu.

Na wamekosa nini? Kwangu walipotokea nilimnasa mmoja, nikamweka kwenye kijiko chenye maji na kumtazama kwa kioo cha kukuza. Ganda la mviringo lenye mabaka ya kahawia na meupe. Alijifungia ndani kwa kifuniko cheupe cha duara, kigumu, kama kitufe cha shati. Baada ya dakika chache kifuniko kikainuka, zikachungulia pembe mbili nyembamba kuliko uzi. Nilipomrudisha alipanda kioo akila, na nyuma yake ukabaki mstari safi wa mikwaruzo ya zigizaga katikati ya utando wa mwani. Huyu ni wa jamii ya Collonista. Hazidi milimita 5 au 6, mchana hujificha chini ya mawe, usiku hula mwani. Huingia katika nyufa ambazo wale wakubwa hawafiki kamwe. Tumbawe halimhusu.

Yupo pia Stomatella, mwenye ganda kama ukucha mgongoni. Ukimshika vibaya hukata kipande cha mguu wake akakimbia, kama mjusi anavyoacha mkia. Siku ya kuzaliana hupanda juu na kutoa kitu kama moshi mweupe majini. Nikiuona moshi ule nazima pampu na kukaa chini kutazama.

Wote hawa huja na mawe au vitako vya matumbawe, na wakikuta chakula huongezeka. Wakizidi, anza na mkono unaolisha samaki. Punguza chakula, nyonya uchafu mchangani, badilisha maji. Idadi itashuka yenyewe.

Haya, wabaya wapo, siwezi kukataa. Kuna mweupe, mrefu kama punje ya mchele, anayejipanga kwenye ukingo wa chaza au mdomo wa ganda la konokono mkubwa na kumfyonza usiku. Huyo mtoe kwa mkono, usugue mayai yake kwa brashi. Kuna na yule wa mirija migumu iliyogandamana na jiwe, anayetandaza nyuzi za ute mpaka matumbawe ya jirani yanakereka. Vunja mrija au uuzibe kwa gundi. Hata kwa hao, hakuna mahali dawa ya shaba inapoingia.

Tochi, saa moja baada ya kuzima taa, na dakika kumi za kutazama. Rafiki yangu angejua ni yupi kabla hajafungua ile chupa.

Sasa anabadilisha maji na kuweka kaboni kwenye chujio, na mawe mengine itabidi ayatoe. Jana aliniomba mbegu ya wale wale aliowaua. Nimemwekea ishirini kwenye kikapu cha wavu ndani ya tangi langu, na atawachukua siku kipimo chake cha shaba kitakaposoma sifuri.