Brigedi Iliyopotelea Barafuni

Kwa mujibu wa simu ya mpwa wangu, mapigano ya Lukaya hapa Uganda ya tarehe 10 na 11 Machi 1979, kati ya Watanzania na jeshi la Idi Amin lililosaidiwa na Walibya, yalifanyika karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Afande mstaafu, jirani yetu hapa Bombo, ambaye hasomi habari za vita bila kalamu nyekundu mkononi, aliitazama ile simu kwa hasira.

"Wewe kijana, Gaddafi alituma vifaru. Dubu weupe aliwatuma nani?"

Ramani zetu za 1:50,000 (sentimita moja ya ramani ni sentimita 50,000 ardhini) zina gridi ya mita, yaani mistari ya miraba yenye namba, iliyogawanywa kwa kanda za Kaskazini na za Kusini mwa ikweta, na Lukaya iko kanda 36 Kusini. Kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe hupewa namba 10,000,000 ili hesabu isiende chini ya sifuri, kwa hiyo Lukaya inasomeka 9,983,000 na ushei. Kijana aliziingiza namba hizo kwenye simu akaandika 36 Kaskazini, ambako ikweta ni sifuri. Sasa toka ikweta, panda kaskazini karibu kilomita elfu kumi, uone utafika wapi. Kwa mtu wa Uganda mtego huu uko mlangoni: Kampala ni Kaskazini, Masaka ni Kusini.

"Mjomba, ni herufi moja tu," kijana akajitetea. Akairekebisha, Walibya wakarudi kwenye joto.

Kitabu cha Afande kilikuwa na kiramani cha mishale minene, kila mmoja ukifunika vijiji vitatu, bila kinamasi hata kimoja. Mimi michoro ya namna hiyo siipendi kabisa. Lukaya huielewi bila kinamasi: barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta, kulia na kushoto mafunjo matupu, na kifaru kikiacha lami kimekwisha. Ndiyo maana brigedi ya 208 ya Tanzania kuzunguka na kushuka kutoka kaskazini-magharibi, huku ya 201 ikisukuma kwa mbele, lilikuwa jambo zito. Kwenye 1:50,000 alama za kinamasi unaziona mara moja. Tafuta chapa za miaka ya 1960. Za miaka ya 1970 zinafaa pia, ila usishtuke ukikuta Ziwa Edward linaitwa Idi Amin Dada.

Tukachapisha ramani ya 1:50,000. Mwenye duka la fotokopi, kwa wema wake, akaibana ramani nzima ikae kwenye A4. Maandishi bado yanasema 1:50,000, lakini mraba wa kilomita moja, ambao lazima uwe sentimita 2, haukufika hata sentimita 1. Afande akaweka rula: "Kilomita mbili tu, tunatembea." Ukiona ramani iliyobanwa, achana na namba, pima kwa ule mstari wa skeli uliochorwa chini, maana huo umebanwa pamoja na ramani. Nilimwambia. Akasema yeye amesoma ramani kabla sijazaliwa.

Tukafika Lukaya jua la saa saba, Afande kalowa jasho, anaifuata simu kuelekea alama aliyoitia kwenye ukingo mkavu. Simu ikampeleka moja kwa moja kwenye mafunjo. Ramani hizi zimepimwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, simu hutumia nyingine, WGS84. Ukihamisha namba bila kubadilisha, unatupwa mita kama 300 kaskazini na 80 hivi magharibi. Programu nzuri inakuruhusu kuchagua Arc 1960. Isipokuruhusu, toa 300 kwenye namba ya kaskazini, ongeza 80 kwenye ya mashariki.

Haya yote niliyaeleza kwa sauti kubwa nikiwa barabarani, gonja, ndizi ya kuchoma, mkononi. Afande alikuwa ameshazama hadi magoti, kiatu kimoja hakionekani.

Mvulana mwenye ndoano akamwonea huruma. "Mzee, kambale wako upande ule."

"Sitafuti kambale! Natafuta brigedi ya mia mbili na nane!"

Mvulana akafikiri kidogo. "Leo haijapita."